Kichwa Chini, Kichwa Juu

Lango la Ndabaka liko kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, ukishaipita Lamadi. Wageni wengi huingia Serengeti kupitia Naabi, baada ya kuzunguka ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Sisi watu wa Kanda ya Ziwa tumejaliwa mlango wetu wenyewe, nao unafikika kwa basi la asubuhi. Nilipita hapo mwishoni mwa Septemba. Mvua za vuli zilikuwa hazijaanza, nyasi zimekauka hadi mashinani, na upepo wa kutoka ziwani ulikuwa ukipeperusha vumbi.

Sikwenda kumtafuta simba. Nilikwenda kuwatazama wanaoliwa naye, na hasa kuwatazama wakati wao wenyewe wakila. Mla nyasi akiinamisha kichwa anapata chakula lakini haoni mbali. Akikiinua anaona mbali lakini kinywa hakiingizi kitu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa swala kuinama huko ndiko kunakoweza kumtoa uhai. Maisha yake yote ni kugawa dakika baina ya tumbo na macho. Nilitaka kujua mgawo huo unakwendaje njaa inapoingia.

Kabla ya kufika langoni tulikuta ng'ombe wakichungwa pembeni mwa barabara. Dereva wangu, mzaliwa wa Bunda ambaye amewaongoza watalii tangu ujana wake, alipunguza mwendo na kumsalimia mchungaji kwa Kisukuma, "Mwangaluka!" Nilimwomba asimame. Ng'ombe wote walikuwa wameinama, ndimi zikizoa nyasi, na kwa muda wote tuliokaa pale sikuona hata mmoja aliyeinua kichwa kutazama kichakani. Aliyekuwa akitazama ni mvulana mwenye fimbo begani, na mbwa wake. Ng'ombe walishakabidhi macho yao kwa mtu maelfu ya miaka iliyopita, wakabaki na kazi moja tu ya kula. Kilomita chache mbele, ndani ya hifadhi, hakuna aliyepewa nafuu hiyo.

Ukanda wa Magharibi una mbung'o wengi na wageni wachache. Barabara inafuata bonde la mto Grumeti, ambao mwezi huo ulikuwa mabwawa yaliyotengana, kila bwawa na viboko wake. Karibu na Kirawira tulisimama mbele ya kundi la swala pala waliokuwa kwenye uwazi mdogo uliozungukwa na migunga. Nilianza kuhesabu vichwa vilivyoinuliwa. Dereva akanirekebisha kwa upole.

"Usitazame vichwa, dada. Tazama taya."

Nikatazama taya. Wengi wa walioinua vichwa walikuwa wanatafuna. Macho yao yalikuwa wazi, masikio yakigeuka huku na huku, lakini kinywa kilikuwa kazini. Kisha jike mmoja akainua kichwa na taya zikasimama kabisa, shingo imenyooka, nyasi zikining'inia mdomoni. Wenzake wawili wa karibu nao wakaacha kutafuna. Sote garini tukageukia walikokuwa wakitazama: ngiri alitokea kichakani, mkia juu. Taya zikaanza tena.

Elimu hiyo ya dereva ndiyo waliyoifikia pia wanasayansi waliokaa na saa na darubini. Mnyama anayekula nyasi huchota kwanza, halafu hutafuna, na kutafuna hakuhitaji kichwa kiwe chini. Akiwa na kinywa kilichojaa anaweza kutazama pande zote bila kupoteza chochote. Ulinzi wa namna hiyo ni wa bure. Unaomgharimu ni ule wa taya zilizosimama. Kwa hiyo nyasi zikiwa nene na laini, tonge moja humpa mnyama muda mrefu wa kutazama huku anatafuna. Nyasi zikiwa fupi na zimetawanyika, kila chota ni kidogo, humezwa upesi, na kichwa lazima kirudi chini mara moja. Kiangazi kinambana mara mbili: kinaongeza haja ya kula, na papo hapo kinampandishia bei ya kutazama.

Kuna jambo lingine ambalo halionekani kwa macho. Nyasi za Septemba ni nyingi mahali pengine, ndefu hata za kumficha mtoto, lakini protini imekwishatoka ndani yake. Tumbo la nyumbu au nyati hutegemea vijidudu vinavyochachusha majani, na vijidudu hivyo visipopata protini ya kutosha hufanya kazi polepole. Chakula kinakaa tumboni, kinazuia kingine kuingia, na mnyama anadhoofika hali tumbo limejaa. Punda milia ana njia tofauti. Yeye hacheui, chakula hupita upesi, basi hufidia ubovu wa nyasi kwa wingi wake. Lakini wingi huo humlazimu kula sehemu kubwa ya mchana na ya usiku, na mama anayenyonyesha humzidi kila mwenzake kwa haja. Tuliona kundi dogo la punda milia karibu na mto, dume amesimama pembeni, majike na watoto wameinama. Si kila dume anayesimama vile anamlinda mtu. Mara nyingi anawatazama madume wengine. Nyamera tuliyemkuta juu ya kichuguu mbele ya Kirawira, amesimama mithili ya askari, alikuwa pia anatangaza kwamba eneo lile ni lake. Hata hivyo aliye juu ya kichuguu huona, hata kama hakupanda kwa ajili ya kuona, na wanaokula karibu naye hunufaika.

Tukasonga mbele hadi Seronera, nchi ya maji kidogo na miti mikubwa: mivungunya, mikindu, migunga ya njano kando ya mto. Mchana mmoja tulimkuta duma jike amelala juu ya kichuguu, tumbo limebonyea, anawatazama swala tomi madume wawili waliokuwa wakila umbali wa kiwanja kizima cha mpira. Nilipata bahati ya kuona kwa macho yangu kitu nilichokuwa nimekisoma. Kila swala wa karibu alipoinama, duma alisogea. Alipoinua kichwa, duma aliganda, mguu mmoja ukiwa hewani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtafiti Clare FitzGibbon alifanya kazi hii hii katika nyanda za Serengeti. Alilinganisha swala tomi waliokuwa jirani, mmoja akiinua kichwa mara nyingi na mwingine mara chache, akaona kwamba duma humchagua yule asiyetazama sana. Kuwa kundini hakukumwokoa aliyezama kwenye chakula chake. Macho ya jirani hayakutosha.

Duma wetu hakupata kitu. Nyamera aliyekuwa mbali alikoroma kwa ule mlio wao mkali wa puani, swala wakainua vichwa pamoja, na duma akakaa kitako. Niliwaonea furaha swala na nilimwonea huruma yeye. Alikuwa na watoto wawili kwenye nyasi nyuma ya kichuguu, na naye alikuwa ana njaa. Watu husahau kwamba njaa iko pande zote mbili za mbio zile.

FitzGibbon na mwenzake John Fanshawe walionyesha pia, mwaka 1988, kwamba mbwa mwitu wakilifukuza kundi la swala tomi huwaacha wanaoruka juu mara kwa mara kwa miguu minne iliyokakamaa, na kuwaandama wanaoruka kidogo. Kuruka vile kunahitaji nguvu. Mwenye nguvu anatangaza kwamba hatashikika, na mbwa wanamwelewa.

Jioni kambini niliwaza sana juu ya njaa yenyewe, maana mpaka hapo nilikuwa nimeona ugumu wa kiangazi bila kuona mnyama akichagua kati ya tumbo na usalama. Uchaguzi huo ulionyeshwa kwa uwazi usio na shaka mbali sana na hapa, kwenye tangi la maji. Mwaka 1978 Manfred Milinski na Rolf Heller waliwajaribu samaki wadogo wa Ulaya wenye miiba mgongoni. Waliwapa viroboto maji wa kula, mahali pengine wamesongamana, mahali pengine wachache. Samaki wenye njaa waliingia kwenye msongamano, ambako kila wakati kuna cha kunyakua. Lakini kula ndani ya msongamano kunadai akili yote, na mwenye kutoa akili yote kwa chakula hamwoni adui. Watafiti walipopitisha juu ya tangi sanamu ya mdiria, ndege mla samaki, samaki wakahamia palipo na chakula kichache, wakala kidogo huku wakitazama. Samaki hana hotuba wala kiburi. Amefanya hesabu, na hesabu inabadilika kila tumbo linapobadilika.

Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa. Mpishi wa kambi alituambia tusiogope kutembea hadi jikoni, simba hawaji usiku wa mbalamwezi. Kuna ukweli katika neno lake, na kuna hatari ndani yake. Craig Packer, Dennis Ikanda na wenzao walipochunguza mashambulizi ya simba kwa watu hapa Tanzania yaliyowakumba zaidi ya watu 1,000 kati ya mwaka 1988 na 2009, waliona kwamba hatari kubwa huja siku zinazofuata mwezi mpevu. Usiku wa mwanga mkali simba huonekana upesi na hushindwa kuwinda, basi hukaa na njaa. Mwezi ukianza kuchelewa kuchomoza, saa za mwanzo za usiku zinakuwa giza, na ndizo saa ambazo watu bado wako nje wakitoka mashambani au kuteka maji. Simba mwenye njaa hukutana na giza na mtu kwa wakati mmoja. Wanyama nao wanajua. Kamera 225 zilizotegwa hapa Serengeti kuanzia mwaka 2010 zilionyesha kwamba nyumbu hubadilisha mahali pa kulala kufuatana na mwezi. Usiku wa giza hukwepa sehemu zenye simba wengi. Nilimweleza mpishi habari hizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwao Rufiji hakuna mtu anayehitaji kamera kuyajua hayo.

Tulielekea kaskazini, Lobo na kisha Kogatende, kuwafuata nyumbu. Nchi inabadilika: vilima, nyasi ndefu, makorongo yenye vichaka pande zote. Kusini-mashariki, zile nyanda za nyasi fupi ambako nyumbu huzalia, udongo wake wa majivu ya volkano huotesha majani yenye madini mengi, na mtu anaona hadi upeo. Kama wangeweza kubaki kule wasingeondoka. Lakini kule maji hukauka, na nyasi hukoma kabisa mvua zikikata. Kaskazini kuna mvua hata wakati wa kiangazi, na kuna mto Mara usiokauka. Wanakuja kwa sababu ya chakula, na chakula hicho kiko mahali ambapo simba ana pa kujificha. Utafiti wa Grant Hopcraft, Anthony Sinclair na Packer uliochapishwa mwaka 2005 uliwafuatilia simba wa Serengeti ukaona kwamba hawawindi zaidi pale penye mawindo mengi, bali pale yanapokamatika kwa urahisi: kingo za makorongo, karibu na maji, penye vichaka. Nyumbu mwenye afya huzikwepa sehemu hizo anapoweza.

Karibu na Lobo tulikutana na mtafiti kijana ambaye kazi yake ni mizoga. Nilikuwa nimepata ruhusa ya kuandamana naye. Alikuwa anaelekea mahali ambapo tai walionekana wakishuka, na askari wa hifadhi mwenye bunduki alikuwa naye. Simba walikuwa wameshaondoka. Fisi walikuwa wamebaki wawili, wakasogea mbali tulipokaribia. Kwenye mdomo wa korongo, nyasi zimelazwa, alikuwepo nyumbu jike, tumbo limeliwa, shingo ina alama za meno. Hapakuwa na fumbo lolote. Simba walimuua usiku.

Mtafiti aliandika, akapima pembe, akatazama meno ili kukadiria umri. Kisha akachukua shoka, akapasua mfupa wa paja.

"Huyu naye alikuwa amekwisha?" dereva aliuliza.

"Njoo uone, kaka."

Mnyama anapokosa chakula hutumia kwanza mafuta ya chini ya ngozi, halafu yanayozunguka figo, na mwisho kabisa yaliyo ndani ya mifupa. Uboho ndio akiba ya mwisho. Ukiwa mweupe na mgumu, mnyama alikuwa salama. Ukiwa umegeuka kuwa ute mwangavu, hakuna kilichobaki, na mnyama wa namna hiyo hufa hata asipoguswa na jino. Uboho wa jike huyu haukuwa mweupe mgumu wala haukuwa ute mwangavu. Ulikuwa wa waridi, mzito, umeanza kulegea. Alikuwa amedhoofika, lakini kifo cha njaa kilikuwa bado mbali naye. Angeweza kuzifikia mvua.

Nimelisimulia tukio hili kwa watu wengi tangu niliporudi, kwa kuwa ndani ya mfupa ule mna jibu la swali langu. Anthony Sinclair, aliyefika Serengeti mara ya kwanza mwaka 1965 na kuifanya kazi ya maisha yake, alichapisha mwaka 1995 pamoja na Peter Arcese matokeo ya kulinganisha uboho wa nyumbu wa aina tatu: walio hai, waliouawa na wanyama wakali, na waliokufa kwa njaa. Ingekuwa simba anaua ovyo, waliouawa wangefanana na walio hai. Ingekuwa anamalizia tu waliokwisha, wangefanana na waliokufa kwa njaa. Waliouawa walikuwa katikati. Walikuwa wanyama waliokuwa wakipungukiwa, nao kabla ya kufikia mwisho wakaanza kufanya mambo ambayo mwenye afya hayafanyi: kuingia nyasi ndefu, kukaribia makorongo, kuchelewa kuinua kichwa. Njaa iliwapeleka kwa simba mapema, wakiwa bado wana nguvu za kuishi.

Dereva aliuliza swali ambalo nilikuwa nimelishika mimi. "Sasa tuseme nani alimuua?"

Mtafiti hakujibu upesi. Alifunga kipande cha uboho kwenye mfuko, akaandika namba, akasema kitabu chake kina safu ya mnyama aliyemuua na safu ya hali ya uboho, na kwamba ukisoma moja bila nyingine utakosea kila mara. Nadhani yuko sahihi kuliko vitabu vingi vya shule, ambavyo bado vinawafundisha watoto wetu kwamba idadi ya wanyama hudhibitiwa na chakula au na wanyama wakali, kana kwamba ni mashauri mawili yanayosikilizwa katika mahakama mbili.

Sitaki msomaji aelewe kwamba kila mnyama hufa kwa namna hiyo. Ukubwa wa mwili una neno. Sinclair, Simon Mduma na Justin Brashares walionyesha mwaka 2003, kwa kumbukumbu za Serengeti za miaka mingi, kwamba wanyama walio chini ya kilo 150 hivi karibu wote huishia kinywani mwa mla nyama, kwa kuwa maadui wao ni wengi, kuanzia mbweha hadi simba. Juu ya uzito huo maadui hupungua na chakula huwa ndicho kinachoamua. Tembo na kiboko waliokomaa hawana mtu wa kumwogopa sana. Nyumbu yuko karibu kabisa na mpaka huo, na pengine ndiyo maana hesabu yake ya tumbo na macho ni ngumu kuliko ya wengine.

Wala si Afrika tu. Huko Montana, Marekani, John Winnie na Scott Creel waliwafuatilia wapiti, wale kulungu wakubwa wa Amerika Kaskazini, baada ya mbwa mwitu wa kule kurudishwa Yellowstone kuanzia mwaka 1995. Mbwa mwitu wakiwa karibu, majike waliinua vichwa zaidi. Madume hawakufanya hivyo, ijapokuwa ndio waliokuwa wakiuawa zaidi. Madume huingia majira ya baridi wakiwa wamemaliza nguvu katika kupigania majike, na uboho wao ulionyesha umaskini huo. Hofu walikuwa nayo kama wenzao, nina hakika. Walichokosa ni akiba ya kuigharamia.

Kogatende tuliwakuta nyumbu kwa maelfu, pande zote mbili za mto Mara. Wageni hupanga magari ukingoni kungojea wavuke, na ni kweli kwamba kuvuka kunatisha, mamba wakiwa majini na kingo zikiporomoka. Mimi niliwatazama zaidi waliokuwa wakila nyuma ya magari. Uwandani nyasi zilikuwa zimekatwa chini kabisa, wanyama wamesambaa, kila mmoja anajitafutia, na wale wa pembeni walikuwa wamekwisha kuingia kwenye vichaka vya kando ya mto. Mtafiti alinionyesha jike mwenye ndama, mifupa ya nyonga imechomoza, akila ndani ya kichaka ambamo asubuhi ile ile simba jike alikuwa amelala. Wengine hawakuingia. Aliingia yeye.

Kuna sababu ya kulijali jambo hili zaidi ya kustaajabia. Sotoka ya ng'ombe iliwaua nyumbu tangu miaka ya 1890. Chanjo za mifugo zilipoiondoa mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyumbu waliongezeka kutoka kama 250,000 hadi zaidi ya milioni 1.3 mwaka 1977. Wengi hivyo hawawezi kuwepo bila kuhama. Simba na fisi wenye watoto hawawezi kuwafuata safari yote, na malisho hupata kupumzika. Ukame mkali wa mwaka 1993 uliwashusha hadi chini ya milioni moja, na kazi ya Mduma na wenzake iliyochapishwa mwaka 1999, ikijumuisha kumbukumbu za miaka 40, ilionyesha kwamba kiasi cha chakula cha kiangazi ndicho kinachoishika idadi yao. Ng'ambo ya mpaka, nyumbu wakaazi wa upande wa Mara, Kenya, walishuka kutoka kama 119,000 mwaka 1977 hadi kama 22,000 mwaka 1997, baada ya nyanda za Loita walizokuwa wakizitumia masika kulimwa ngano kwa matrekta. Hapakuwa na simba wapya walioletwa. Nyumbu waliondolewa malisho tu.

Kwa hiyo ninaposikia mjadala wa uzio katika njia ya nyumbu, au wa maji ya mto Mara kuchukuliwa huko juu yanakotoka, kwenye misitu ya Mau, ninamkumbuka jike wa kichakani. Ukipunguza majani ya Septemba, hupunguzi tu idadi ya matumbo yanayoweza kushiba. Unawapeleka wengine korongoni, na ripoti itakayofuata itasema simba wameongezeka, na kutakuwa na mtu wa kushauri simba wapunguzwe. Ningependa kila hesabu ya wanyama inayofanywa na mataifa haya mawili iende pamoja na kipimo cha nyasi na cha uboho. Shoka na mfuko si ghali.

Siku tuliyoondoka, mawingu yalikuwa yamejenga upande wa kusini na baadhi ya makundi yalikuwa yamekwisha kugeuka, mstari mrefu ukifuata njia ya Lobo. Nilimuuliza mtafiti kama naye anashuka. Akasema hapana, anabaki Kogatende hadi katikati ya Novemba, kwa sababu mizoga huwa mingi mwishoni kabisa mwa kiangazi, walio dhaifu wakiwa wameachwa nyuma na majani mapya hayajaota. Alimwomba dereva amletee mifuko zaidi akirudi na wageni wengine.